Ukurasa kwa Senti Sita: Hesabu za Barua Pepe Ilipofika Arusha na Karatu

Chukua mzigo wa barua wenye kurasa 50, kila ukurasa herufi 2,000. Jumla ni herufi 100,000. Tuseme huo ndio mzigo wa siku moja wa ofisi kadhaa za Arusha na Karatu katikati ya miaka ya 1990: hoteli ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro inayothibitisha wageni, mtafiti anayetuma idadi ya wanyama aliyoihesabu, hospitali inayouliza dawa, shirika linalodaiwa taarifa na mfadhili wake Ulaya. Mzigo huo unatakiwa London, na njia ni laini ya simu. Bei ya dakika moja ya simu ya kimataifa tuiweke dola 3. Ni bei ya mfano tu, na nitaitoza kila chombo sawasawa ili tuone jinsi muda peke yake unavyokula pesa.

Teleksi hupitisha herufi 400 kwa dakika. Mzigo wetu utachukua dakika 250, yaani saa 4 na dakika 10, na bili itakuwa dola 750. Faksi, kwa wastani wa dakika moja kwa ukurasa, itamaliza kwa dakika 50 na dola 150. Kompyuta yenye modemu ya biti 9,600 kwa sekunde, ikisaidiwa na programu inayobana maandishi hadi nusu ya ukubwa wake, itamaliza kwa sekunde 52. Lipia dakika nzima: dola 3. Gawa kwa kurasa 50, unapata senti 6 za dola kwa ukurasa. Mwaka 1995 dola moja ilikuwa kama shilingi 575, kwa hiyo ukurasa ulioleta bili ya shilingi 8,625 kwa teleksi, au 1,725 kwa faksi, ulipita kwa shilingi 35.

Tofauti hiyo haikuletwa na modemu peke yake. Sehemu kubwa ilitoka kwenye programu, na programu hizo zilizaliwa mbali sana na Ngorongoro, mikononi mwa watu waliokuwa wakilipia simu kutoka mifukoni mwao.

Januari 1978 theluji nzito iliufunga mji wa Chicago, na wapenzi wawili wa kompyuta, Ward Christensen na Randy Suess, wakaamua kutengeneza ubao wa matangazo unaofikiwa kwa simu. Christensen aliandika programu, Suess akaunganisha mashine. Ulifunguliwa rasmi tarehe 16 Februari 1978 kwa jina la CBBS. Disketi yake ya inchi 8 ilibeba kilobaiti 173, na modemu yake ilipitisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30. Kwa mwendo huo ukurasa wetu mmoja ungechukua sekunde 67.

Ubao ulikuwa na laini moja. Ukipiga, mashine inapokea, unasoma ujumbe wa wenzako, unaacha wako, unakata. Wakati huo wote mwingine akipiga anakuta laini ina mtu. Siku ina dakika 1,440, na kama kila mgeni atakaa dakika 20, wageni hawawezi kuzidi 72 kwa siku hata kama hakuna dakika hata moja inayopotea. Mpaka ulipozimwa, CBBS ilikuwa imepokea simu zaidi ya 250,000, zote kupitia tundu hilohilo moja, moja baada ya nyingine. Kila aliyeandika programu ya namna hii baada yao alikuwa akihangaika na zile dakika 1,440.

Tanzania ya mwaka huo ilikuwa na hesabu nyingine kabisa. Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kompyuta wa Wizara hiyo kuleta hasara na usumbufu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na aliyetaka kuleta alihitaji kibali maalumu. Amri hiyo ililegezwa na hatimaye kuondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo kile kizazi cha vijana waliojifunza kompyuta chumbani kwao, kwa kuita ubao wa jirani usiku, hapa kwetu hakikuwepo. Hilo ni pengo kubwa, na naamini bado tunalilipia. Lakini kuchelewa kulikuwa na upande wa pili: programu zilipotufikia zilikuwa zimenolewa kwa miaka kumi na tano, nyingi zilitolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na ziliridhika na kompyuta ya XT yenye kumbukumbu ya kilobaiti 640, aina ambayo ofisi za Ulaya zilikuwa tayari zinaitupa.

Kunolewa kwenyewe kulikuwa hivi. Mwaka 1977, kabla hata ya CBBS, Christensen alikuwa ameandika utaratibu wa kuhamisha mafaili kwa simu ulioitwa XMODEM. Faili hukatwa vipande vya baiti 128. Mashine inatuma kipande, inasubiri jibu kwamba kimefika salama, ndipo inatuma kinachofuata. Ndani ya mji mmoja utaratibu huo hauna shida. Sasa uupitishe kwenye simu iliyotoka Tanzania kupitia setilaiti. Setilaiti ya simu hukaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na sauti ikienda na jibu likirudi nusu sekunde imeshapita. Kwa modemu ya biti 2,400 kipande kimoja, pamoja na baiti zake za utambulisho, kinachukua sekunde 0.55 kutumwa. Kisha nusu sekunde ya kusubiri. Karibu nusu ya pesa yako inalipia ukimya. Kurasa 50 zina vipande 782, ambavyo kwa mwendo huo vinamaliza dakika 13 na zaidi, na bili inapita dola 40.

Mwaka 1986 Chuck Forsberg alitoa ZMODEM, ambayo haisubiri. Inatuma mfululizo, na mpokeaji anapaza sauti pale tu kitu kinapoharibika. Mzigo uleule, modemu ileile: dakika 7, dola 21. Ubane kwanza maandishi, dakika 3 na nusu. Tumia modemu ya 9,600, tumerudi kwenye zile sekunde 52. Tena ZMODEM ilikuwa na sifa moja iliyokuwa na thamani kuliko kasi: laini ikikatika katikati, simu inayofuata inaanzia pale ilipoishia. Kwenye laini inayokatika mara tatu kabla ya mzigo kwisha, programu inayoanza upya kila mara haitamaliza kamwe, na bili itaendelea kukua. Yenye kukumbuka itamaliza.

Hatua nyingine ya ubahili ilitoka San Francisco. Mwaka 1984 Tom Jennings, aliyekuwa ameandika programu ya ubao iitwayo Fido, aliunganisha ubao wake na wa John Madill wa Baltimore ili kompyuta mbili zipigiane zenyewe usiku, bei ya simu ikiwa chini, zibadilishane barua na kukata. Huo ukawa mtandao wa FidoNet. Watumiaji waliandika barua zao mchana bila kushika laini ya masafa. Mashine ikazihifadhi, ikazifunga kwenye furushi moja, ikangoja saa yake. Katikati ya miaka ya 1990 mtandao huo ulikuwa na vituo zaidi ya 30,000 duniani, na Afrika ilipewa namba yake ya kanda, kanda ya 5.

Faida ya kuandika nje ya laini ni rahisi kuidharau mpaka uihesabu. Mtu mwenye mkono mwepesi anaandika maneno 30 kwa dakika, tuseme herufi 200, sawa na herufi 3 na kidogo kwa sekunde. Modemu ya biti 2,400 inaweza kupitisha 240. Akiandika huku laini iko wazi, anatumia asilimia 1.4 ya uwezo anaoulipia. Zinazobaki, zaidi ya 98, ni za kufikiri, kufuta na kunywa chai. Aliyelipa dola 3 kwa dakika alikuwa analipia hasa kufikiri kwake.

Nairobi iliwahi mapema. Kituo cha kimataifa cha uratibu wa mazingira, ELCI, kiliendesha nodi, yaani kituo, ya FidoNet kwa mashirika yasiyo ya kiserikali. Mradi wa ESANET, uliogharamiwa na IDRC ya Kanada, ukaunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Madaktari walikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife, lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo kutoka Marekani. Nyuzi nyingi za namna hii ziliishia London, kwenye shirika la GreenNet, ambako Karen Banks alisimamia lango la kuhamisha barua kati ya FidoNet na intaneti. Kwa kazi hiyo aliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya heshima ya waliojenga intaneti duniani. Kupiga simu kutoka London kwenda Afrika kulikuwa nafuu kuliko kupiga kutoka Afrika kwenda London, hivyo London ndiyo iliyopiga. Kwenye laini mbovu zilipendwa modemu kama Telebit TrailBlazer, zilizogawa laini katika njia nyembamba hadi 512, zikaziacha zilizoharibika na kuendelea na nzima.

Ndivyo ilivyokuja Arusha Node Marie. Ilikuwa nodi ya ushirika, isiyo ya biashara, iliyohudumia mashirika, makanisa, watafiti na ofisi za uhifadhi za kaskazini, na anwani za wateja wake zilipita katika lango la GreenNet na kuishia na gn.apc.org. Ukiwa Arusha mjini, simu yako kwa nodi ilikuwa simu ya mjini. Barua yako ikaungana na za wengine, na safari ya London ikalipwa na wote. Hapa ndipo hesabu ya senti 6 inapokuwa na maana: si kwamba mtu mmoja alipata ukurasa kwa senti 6, bali watu 50 waliokubali kungoja hadi usiku waligawana dakika moja. Aliyetaka barua yake iende sasa hivi, peke yake, angelipa dola 3 zote. Kungoja ndiko kulikoshusha bei.

Sasa Karatu. Kutoka Arusha ni kilomita 140 na kitu, na miaka hiyo lami iliishia Makuyuni. Ile ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nchi nzima, yenye watu karibu milioni 30, ilikuwa na laini za simu zisizofika 100,000, kama 3 kwa kila watu 1,000, na nyingi zilikuwa mijini. Mwenye ofisi Karatu, Oldeani au juu ya kreta alikuwa na njia tatu za kufikia nodi. Ya kwanza, simu ya masafa hadi Arusha, mradi laini ipo na haipiti kwa opereta, kwa sababu modemu haiwezi kuongea na opereta. Ya pili, redio ya upepo: kumsomea mtu wa Arusha ujumbe wako, neno kwa neno, huku kila mwenye redio kwenye masafa hayo akisikia. Ya tatu, dereva.

Njia ya dereva inastahili hesabu yake. Disketi ya inchi tatu na nusu hubeba baiti 1,474,560, kurasa 737 za kipimo chetu. Ikiwa Land Rover itatumia saa 4 kutoka Karatu hadi Arusha, disketi hiyo imesafiri kwa kasi ya biti 819 kwa sekunde. Ni zaidi ya mara mbili ya modemu ya CBBS. Mpe dereva disketi 10 na kasi inapanda hadi biti 8,192, karibu sawa na modemu nzuri ya 9,600, na gari lilikuwa linakwenda mjini kwa shughuli nyingine vilevile. Programu za ubao wa ujumbe hazikujali: furushi likitoka kwenye simu au kwenye disketi, kwao ni faili lilelile lenye anwani zilezile. Mfumo unaotaka laini iwe hai muda wote usingeweza kupanda gari.

Kwa hiyo barua iliyoandikwa Karatu Jumanne asubuhi ingefika Arusha jioni, ingelala London usiku huo, jibu lingeweza kurudi Arusha usiku wa Jumatano na kupanda gari Alhamisi. Siku tatu. Barua ya S.L.P. ilihitaji wiki kadhaa kwenda na kurudi. Kwa meneja wa hoteli anayegawa vyumba vya msimu wa Julai, tofauti ya siku tatu na wiki nne ni vyumba vitupu au vilivyojaa. Kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, chini kule bonde la Eyasi, siku tatu zilikuwa bado nyingi mno. Bei ya Nairobi ikibadilika asubuhi, habari yake ni herufi 100 tu, pengine chini, lakini thamani yake inaoza kabla ya magunia kushonwa. Ujumbe wake ulikuwa mdogo kuliko wa wote na ndio ulioshindwa kuhudumiwa, kwa kuwa furushi la usiku lilipunguza gharama ya ukubwa bila kugusa gharama ya kuchelewa. Mkulima huyo alisubiri simu ya mkononi, na wala simshangai kwamba hakuwahi kusikia habari ya nodi.

Palikuwa na njia ya nne, na kwangu ndiyo ya kusisimua kuliko zote. HealthNet ilitumia setilaiti UoSAT-3, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Surrey cha Uingereza na kurushwa Januari 1990. Haikufika kilo 50. Haikukaa mahali pamoja kama zile za simu. Ilizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita kama 800, mzunguko mmoja kwa dakika 100 hivi, ikipita juu ya vichwa vyetu mara chache kwa siku. Ndani yake mlikuwa na ubao wa ujumbe halisi: inapopita unaipandishia barua, inaihifadhi, inapofika juu ya Marekani au Ulaya inaishusha. Mwendo wake ulikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Dakika 10 za kuonekana, kama kituo kimoja kingezipata zote, ni baiti 720,000: kurasa 360, bila laini ya simu na bila opereta. Setilaiti ya pili, HealthSat-2, ilifuata Septemba 1993. Hospitali ya porini yenye antena, redio na betri ya gari ingeweza kupokea makala ya kitabibu ambayo maktaba ya mkoa haikuwa nayo. Gharama ilihamia kwenye vifaa vya kituo na kwenye mtu wa kuvitunza.

Mtu huyo ndiye anayekosekana kwenye hesabu zangu zote mpaka sasa. Senti 6 ni bei ya simu. Hazina mshahara wa anayeamka kuangalia kama London ilipiga, anayefungua modemu baada ya radi, anayeelekeza mteja wa tano kwa siku jinsi ya kuandika anwani, anayekwenda Posta na Simu kulalamikia mlio kwenye laini. Mweke saa 2 tu kwa siku: kwa mwezi ni saa 60. Mlipe shilingi 500 kwa saa, bei ya mfano tena, inakuwa shilingi 30,000, wakati bili ya simu ya mwezi kwa dola 3 kila usiku ni 51,750. Zaidi ya theluthi ya gharama halisi, basi, ingekuwa ya mtu. Nodi nyingi duniani zilibebwa na watu wa kujitolea, na ndiyo maana nyingi zilikufa mtu wao alipohama.

Ya Arusha haikufa. Intaneti kamili ilipoanza kuuzwa Dar es Salaam mwaka 1996 na kampuni kama CyberTwiga, kaskazini nako ushirika wa Marie ukageuka kuwa mtoa huduma, Habari Node, na anwani zenye habari.co.tz zikaenea kwenye mabango ya kampuni za watalii na hoteli. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yenyewe ilitumia anwani ya habari.co.tz kwa miaka mingi. Anayejua kusoma anwani alikuwa anaona pale mabaki ya ile mashine ya usiku.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na hesabu zikageuka kabisa. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliweka mipaka ya bei za vifurushi: shilingi 2.03 chini na 9.35 juu kwa megabaiti moja. Kwa bei ile ya juu kabisa, kurasa zetu 50 zingepita kwa pungufu ya shilingi moja, zote kwa pamoja.

Kilichopotea njiani ni ile adabu ya ZMODEM. Mtu wa Endulen au Nainokanoka, huko Ngorongoro, mtandao ukiwa wa kupanda kilima kuutafuta, anajaza maombi ya chuo au ya kibali kwenye simu, anafika hatua ya tano, mtandao unakata, na mfumo unamrudisha hatua ya kwanza. Tatizo hilo lilitatuliwa mwaka 1986, kwa kompyuta yenye nguvu ndogo mno kuliko simu aliyoshika. Naona ni uzembe wa wabunifu, na gharama yake inaangukia kwenye bando la mwombaji.

Na bando lenyewe lihesabiwe. Wateja 50 wa mfano wetu, kila mmoja ukurasa mmoja kwa siku, walimaliza dola 90 za simu kwa mwezi, yaani dola 1 na senti 80 kila mmoja, bila ada nyingine. Mtumiaji wa simu anayemaliza gigabaiti 5 kwa mwezi, akipata bei ya chini kabisa ya mwaka 2021, analipa shilingi 10,150, ambazo kwa kiwango cha mwaka huo, shilingi 2,300 hivi kwa dola, zilikuwa dola 4 na senti 40. Akinunua vifurushi vidogovidogo kwa bei ya juu, gigabaiti hizohizo zinamgharimu shilingi 46,750, sawa na dola 20. Picha moja aliyoipokea kwenye kundi la ukoo, ya kilobaiti 150 hata baada ya kubanwa, ni nzito kuliko furushi zima la usiku mmoja.